Tumbawe la Goniopora limejifunga siku ya sita: naomba msaada nikiwa Dodoma

Mkazi wa Ilazo

Ndugu zangu mnaofuga samaki na viumbe wengine wa maji ya chumvi, nawasalimu nyote. Nina tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 80, upana wa 40 na kina cha 40, ambalo likijazwa hadi pale ninapopataka huchukua lita 120 hivi. Nililianzisha mwezi wa Februari kwa maji ya bahari ambayo kaka yangu hunitumia kutoka Bagamoyo katika madumu ya lita 20. Mwezi wa Mei, baada ya klaunifishi wangu wawili kulizoea tangi, nilinunua tumbawe la aina ya Goniopora lenye ukubwa wa ngumi ya mtu mzima. Muuzaji aliniambia kwamba hilo ni tumbawe la kuanzia na kwamba halina usumbufu. Kibali cha kuliingiza nchini kipo na nakala yake ninayo.

Kwa wiki tano lilikuwa furaha ya nyumba nzima. Polipi zake, yaani vijiumbe vyenye mdomo na minyiri (vijikono) vinavyounda tumbawe, zilirefuka kufikia urefu wa kidole cha shahada, zikawa zinayumba pamoja kama shamba la uwele linalopitiwa na upepo, na watoto wakirudi kutoka shuleni walikuwa wakilikimbilia kabla hata ya kuvua viatu. Mwezi wa Juni polipi zikaanza kufupika kidogo kidogo. Wakati huo nilikuwa nikifidia maji yanayokauka kwa maji ya bomba yaliyolala ndooni usiku kucha. Nilipoona ukoko mweupe ukijijenga kwenye ukingo wa kioo na mwani wa kijani ukifunika mawe, niliamini kuwa maji ya bomba ndiyo yenye kosa, hivyo nikaanza kufidia kwa maji ya bahari yenyewe, lita mbili hivi kila asubuhi. Leo ni siku ya kumi tangu nibadilishe, na ni siku ya sita tangu polipi zote zijifunge. Upande unaotazama kioo cha nyuma nyama imevutika, na ncha za mfupa wa chokaa zimeanza kuonekana.

Vipimo vya leo ni hivi: haidromita (kipimo cha chumvi ya maji) inasoma 1.031, joto ni nyuzi 22 alfajiri na nyuzi 27 saa nane mchana, alkalini (uwezo wa maji kuhimili asidi) ni 12 kwa kipimo cha dKH, na nitrati haionekani kabisa. Kichungi cha povu, kile kinachotoa uchafu kwa viputo vya hewa, kinafanya kazi mchana na usiku, na mwani nausugua na kuutoa kila Jumamosi. Naombeni mnielekeze nianze na lipi, kwa kuwa naona siku zinakwenda na sitaki kiumbe huyu afie mikononi mwangu.

Mzee wa Nkuhungu

Mwanangu, pole. Umefanya vema kuleta vipimo, maana bila namba hizo tungekuwa tunakisia tu. Kosa lako la karibu zaidi liko kwenye dumu unalomimina asubuhi, na ni kosa ambalo nami nililifanya mwaka wangu wa kwanza hapa mjini.

Maji yanapokauka, chumvi haiondoki nayo. Maji ya Bahari ya Hindi yana chumvi takribani gramu 35 kwa kila lita, kwa hiyo tangi lako la lita 120, lilipokuwa sawa, lilibeba kiasi cha gramu 4,200. Kinachopotea usiku na mchana ni mvuke usio na chumvi, lakini unachorudisha asubuhi ni lita mbili zenye gramu 70 za chumvi. Kwa siku kumi umeongeza gramu 700. Gawanya gramu 4,900 kwa lita 120 na utapata karibu gramu 41 kwa lita, na hapo ndipo haidromita husoma 1.031. Kipimo chako kimesema kweli, na tumbawe limesema hivyohivyo kwa njia yake, kwa kuwa nyama yake haina namna ya kujikinga na chumvi inayopanda kiasi hicho isipokuwa kujifunga na kusubiri.

Mtu anayefuga Dar es Salaam anaweza kusahau kufidia maji siku mbili na asione tofauti kubwa, kwa sababu hewa ya pwani tayari imejaa unyevu. Sisi tuko kwenye nyanda kame, na kuanzia Juni upepo huu mkavu wa kipupwe hunywa maji waziwazi. Lita mbili kwa siku, kwenye uso wa maji wa sentimita 80 kwa 40, ni kina cha milimita sita. Mimi nimechora mstari kwa kalamu ya wino usiofutika nje ya kioo, pembeni mwa tangi, na kila asubuhi nausoma kabla sijanywa chai. Msimu wa mvua maji hushuka chini ya mstari kwa kama milimita tatu, na msimu huu huwa ni sita au saba. Miongozo mingi tunayoisoma imeandikwa na watu wasioishi na hewa kama yetu, ndiyo maana huligusia jambo hili kwa sentensi moja tu na kulipita.

Sasa, usiishushe chumvi kwa siku moja. Tumbawe lililojibana kwa chumvi nyingi likimiminiwa maji matamu kwa wingi, chembe zake huvimba na kupasuka, na hapo utakuwa umelimaliza wewe mwenyewe. Kila siku toa lita tatu za maji ya tangi, kisha rudisha lita tatu za maji matamu yaliyo safi pamoja na zile mbili za kufidia uvukizi. Hiyo itashusha chumvi kwa takribani gramu moja kwa lita kila siku, na ndani ya wiki moja utakuwa umerudi kwenye 35, yaani 1.026 kwenye haidromita. Kabla ya kusoma haidromita, izungushe taratibu ili viputo vya hewa vilivyoganda kwenye sindano viondoke, kwa kuwa hata kiputo kimoja hupandisha usomaji.

Swali utakaloniuliza ni wapi utapata maji matamu yaliyo safi. Maji ya bomba letu, ambayo sehemu kubwa hutoka visima vya Mzakwe, ni mazuri kwa matumizi ya nyumbani lakini ni magumu. Tazama sufuria unayochemshia chai uone ukoko mweupe uliomo. Ukiyafidia kila siku, ukoko uleule hubaki ndani ya tangi, na hiyo ndiyo alkalini yako ya 12. Nunua maji yaliyopitishwa kwenye mashine ya RO, inayochuja hata chumvi na madini, ambayo wauza maji ya kunywa wengi wanayo, lakini nenda na kipimo cha TDS, yaani cha vitu vilivyoyeyuka majini, mfukoni na uyapime palepale dukani. Yakisoma chini ya 10, yachukue. Yakisoma 60 au 80, ujue ama chujio limechoka au wameongeza madini kwa ajili ya ladha, na hayo hayakufai. Usitumie yale yanayoitwa maji ya betri kabla hujayasoma maandishi yake vizuri, kwa kuwa watu hulitumia jina hilo hata kwa asidi. Maji yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi nayo ni hatari hata kama kipimo kinasoma chini, kwa sababu yamepita juu ya mabomba ya shaba, na shaba kidogo tu huua viumbe wasio na uti wa mgongo.

Kuhusu maji ya Bagamoyo, mwambie kaka yako ayachote mbali na mlango wa Mto Ruvu. Wakati wa masika mto ule humwaga baharini maji matamu yenye tope, na dumu lililochotwa Aprili upande huo huenda lisifike hata gramu 30 kwa lita. Achote wakati maji yamejaa, ikiwezekana siku za bamvua, na wewe upime kila dumu likifika, kabla hujalifungulia tangi.

Dada wa Tanga

Shikamoo mzee wetu. Uliyoyasema kuhusu chumvi nayaunga mkono yote, na mwenye swali aanze na hayo kabla ya kugusa kitu kingine. Ila mimi naliona tatizo la pili ambalo lilianza kabla ya chumvi. Kaka yetu amesema polipi zilianza kufupika Juni, wakati bado alikuwa akitumia maji ya bomba. Tumbawe lile lilikuwa na njaa.

Kwanza, tuhakikishe kwamba tunazungumzia kiumbe mmoja. Chukua kioo cha kukuzia, subiri polipi moja ifunguke, uhesabu minyiri yake. Goniopora ina minyiri 24 kwa kila polipi. Ikiwa ni 12, basi hilo ni Alveopora, tumbawe jingine linalofanana nalo sana. Utunzaji wao unakaribiana, lakini ni vizuri mtu amjue anayemlisha.

Sehemu kubwa ya nguvu ya tumbawe hutoka kwa mwani mdogo sana unaoishi ndani ya nyama yake na kuligawia sukari unayoitengeneza kwa mwanga. Hilo ndilo linalowafanya watu waamini kwamba taa nzuri inatosha. Kwa matumbawe mengine inaweza kutosha, lakini kwa Goniopora haitoshi. Baharini aina nyingi za jamii hii huishi mahali penye maji ya tope jepesi, ambapo mkondo hupitisha chembe za chakula mchana na usiku, na polipi zile ndefu zipo kwa ajili ya kuzikamata. Kwa miaka mingi wafugaji duniani walikuwa wakiyanunua matumbawe haya yakiwa yamenawiri, yakapungua taratibu, na mengi yakafa kabla ya kutimiza mwaka, huku wenyewe wakidhani yameugua. Yalikuwa yakimaliza akiba yaliyotoka nayo baharini. Kwa hiyo yeyote anayemuuzia mgeni Goniopora kwa kusema ni tumbawe la kuanzia anamdanganya mnunuzi na anamwonea kiumbe, na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu nimeona mafuvu mengi meupe ya matumbawe haya kwenye rafu za watu.

Nitrati kutoonekana kabisa si sifa njema hapa. Maji yako hayakukosa virutubisho. Mwani wa kijani umevinyonya, nawe kila Jumamosi unavitoa pamoja na mwani huo, na kichungi cha povu kinaondoa kilichosalia. Alkalini ikiwa juu wakati virutubisho viko karibu na sifuri, nyama ya tumbawe huchakaa kuanzia kingo, na ndivyo unavyoelezea upande wa nyuma. Alkalini usiitafutie dawa yoyote. Chumvi ikishuka kutoka 41 hadi 35 kwa maji ya RO, nayo itashuka pamoja nayo hadi karibu 10, na ikiendelea kutulia kati ya 8 na 9 utakuwa mahali pazuri. Kalisi iwe kati ya miligramu 400 na 450 kwa lita. Nitrati ikikaa kati ya miligramu 2 na 10 kwa lita usiihangaikie.

Kichungi cha povu kizime usiku, au kiwashe saa chache tu kwa siku, kwa muda wa mwezi mmoja. Lisha mara mbili kwa wiki, jioni, taa zikiwa zimepungua. Tumia chakula cha unga laini kilichotengenezwa kwa ajili ya matumbawe, au rotifa (vijidudu vidogo sana vya majini) walioganda kwa barafu kama utawapata. Kuchomeka vipande vya dagaa au kamba hakutasaidia, kwa kuwa mdomo wa polipi ni mdogo mno na kipande kile kitaozea juu ya nyama. Koroga kiasi cha robo kijiko cha chai katika kikombe cha maji ya tangi, zima pampu kwa dakika kumi, kisha kwa bomba la sindano lisilo na sindano nyunyiza taratibu, sentimita tano juu ya tumbawe, uache chembe zidondoke zenyewe. Ukiangalia kwa karibu utaona mnyiri ukijikunja kuelekea katikati na mdomo ukifunguka kama tundu la pini. Ukiliona hilo hata kwenye polipi tatu tu, ujue bado kuna uhai wa kupigania.

Liweke chini, karibu na mchanga, kwenye mwanga wa wastani, na mkondo uwe wa kuyumbayumba, usiwe wa kulipiga upande mmoja. Jambo jingine ambalo hukulitaja: je, klaunifishi wako hujilaza ndani ya polipi? Samaki hawa wakikosa anemone, kiumbe laini wa baharini mwenye minyiri ambaye huishi ndani yake, huchagua chochote chenye minyiri, na Goniopora hachukuliani na kusuguliwa mchana kutwa. Ikiwa ndivyo, lifunike tumbawe kwa kitunga cha plastiki chenye matundu makubwa hadi litakapopona.

Nimefurahi kwamba una nakala ya kibali. Matumbawe yote ya mawe yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, na hapa nyumbani, chini ya Sheria ya Uvuvi ya 2003 na Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya 1994, mtu haruhusiwi kwenda tu mwambani kuvunja kipande na kukipakia kwenye basi. Kila anayesoma hapa aulize karatasi kabla ya kulipa, na achague vipande vilivyooteshwa kwenye mashamba ya matumbawe badala ya vilivyong'olewa baharini. Vilivyooteshwa pia vimekwisha kuzoea maisha ya tangi, hivyo huishi vizuri zaidi.

Fundi wa Kikuyu

Naongeza mawili tu, la joto na la hewa.

Kutoka nyuzi 22 alfajiri hadi 27 mchana ni tofauti kubwa mno. Usiku wa Julai hapa kwetu joto la nje hushuka hadi nyuzi 14 hivi, na kwa tangi la lita 120 hita ya wati 100 yenye kidhibiti cha nje inatosha kulishika kwenye nyuzi 25. Mchana sogeza pazia, kwa sababu nyuzi 27 mwezi wa Julai ni dalili kwamba Oktoba na Novemba tangi lako litafika 30. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kwa nyuzi chache tu zaidi ya kawaida, miamba ya Afrika Mashariki ilipauka, ikiwemo ile ya Tutia kule Mafia, na sehemu kubwa ya matumbawe ya Tutia ilikufa. Feni ndogo ya kompyuta ikipuliza juu ya maji hushusha joto kwa nyuzi mbili au tatu, lakini huongeza uvukizi, kwa hiyo ukiifunga rudi kwenye mstari wa mzee ukapime upya.

Kuhusu hewa, Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Maji ya bahari yenye nyuzi 25 yakiwa pwani hushika oksijeni takribani miligramu 6.7 kwa lita, lakini kwa kimo chetu hayavuki 5.9 hivi. Pampu ikiwa inatikisa uso wa maji, kiasi hicho kinatosha vizuri. Umeme ukikatika usiku, akiba yetu huisha mapema kuliko ya watu wa pwani. Weka pampu ya hewa ya betri inayowaka yenyewe umeme unapokatika, na ukiwa na inveta ndogo, unganisha pampu ya mkondo kwanza na taa uziache zizimike. Ikiwa utazima kichungi cha povu usiku kama alivyoshauri dada, hakikisha bomba la hewa linafanya kazi saa hizo.

Mkazi wa Ilazo

Shikamoo mzee, na ahsanteni sana dada na fundi. Ninarudi baada ya siku 12 kutoa mrejesho.

Nilifuata utaratibu wa lita tatu kwa siku. Duka la kwanza la maji lilisoma 74, la pili lililo njiani kuelekea stendi ya Nanenane likasoma 9, na huko ndiko ninakonunua sasa. Haidromita ilifika 1.026 siku ya saba na haijabadilika. Alkalini ni 9.8. Nimeweka hita, na joto halitoki kati ya 25 na 26. Nilikaa sakafuni kwa saa nzima nikitazama, na kweli klaunifishi mkubwa alikuwa akijilaza juu ya tumbawe kila taa zilipowaka, hivyo nimelifunika.

Siku ya tisa jioni, baada ya kunyunyiza chakula mara ya pili, polipi saba upande wa mbele zilichomoza kwa urefu wa punje ya mchele. Leo zaidi ya nusu ya tumbawe iko wazi, ingawa polipi hazijafikia urefu wa zamani. Nimehesabu minyiri, ni 24. Lakini upande wa nyuma kuna pengo la ukubwa wa sarafu ya shilingi 100 ambapo nyama imekwisha kabisa, na mwani mwembamba wa kijani umeanza kuota juu ya mfupa. Je, nilikate eneo hilo, au niliache?

Dada wa Tanga

Alhamdulillahi, nimefurahi mno kusoma haya. Usilikate sasa. Goniopora aliyetoka kwenye dhiki hastahimili msumeno, na nyama yenye afya inaweza kutambaa tena juu ya mfupa ikiwa mwani haujautangulia. Mara moja kwa wiki, zima pampu, chukua mswaki mpya wenye nywele laini ambao haujawahi kugusa dawa ya meno, usugue mwani ulio katikati ya pengo bila kukaribia ukingo wa nyama, huku ukinyonya uchafu kwa mpira mwembamba ili usiangukie polipi. Geuza upande huo utazame mkondo kidogo.

Kitu kimoja tu ndicho kitakachokufanya ubadili mpango. Ukiona kamasi ya kahawia juu ya mpaka wa jeraha, yenye harufu ya kuoza, usisubiri hata hadi kesho yake. Inyonye yote kwa bomba la sindano, litoe tumbawe na uliweke kwenye chombo cha peke yake chenye maji ya tangi, pampu ndogo na joto lilelile, kisha utuandikie siku hiyohiyo, maana kamasi hiyo humaliza tumbawe zima kwa siku mbili.

Kama haipo, endelea na chakula, na kichungi cha povu kibaki kama kilivyo. Kesho asubuhi, kabla ya kumwaga maji ya kufidia, piga picha ya mpaka wa nyama na mfupa ukiwa umeweka rula kando ya kioo, na upige nyingine kutoka palepale baada ya siku 14, utuletee zote mbili hapa.